Mbegu Zilizorudi Matisi

Myanga, Bungoma
14 Juni 1992

Kwako wifi yangu Jeruto,

Pokea salamu za watu wote wa hapa. Mama bado anatembea, ila magoti yamemkaza tangu mvua ianze na sasa anakaa zaidi jikoni karibu na moto. Mimi niko na cherehani yangu pale sokoni, nashona sare za shule, na macho yananiuma jioni. Nasimiyu anaendeleaje? Ile homa iliisha kabisa? Mwambie shangazi yake amemwekea kipande cha kitambaa cha gauni.

Wifi, Mukhisa hajarudi na hajaandika. Alitoka hapa Aprili, akapitia Chwele kwenda juu kwenye lile shamba mlilokodi karibu na kwenu, na siku chache baadaye tukasikia vita vimeanza huko. Watu waliokimbia bado wanalala kanisani. Nimewapitia mmoja mmoja nikiwauliza kama wamemwona kaka yangu, fundi seremala, mrefu, mwenye koti la kijivu. Wote wanatikisa kichwa. Wengine wanatazama pembeni kabla ya kutikisa.

Baba mdogo Absalom ameita wazee. Wanasema mtu aliyepotea namna hii hawezi kuachwa hivi hivi, ni lazima ukatwe mgomba, uvishwe nguo zake na uzikwe mahali pake, ndipo nyumba itulie. Mama hajakubali na hajakataa. Wanakungoja wewe, kwa sababu wewe ndiye mke, na bila wewe hilo halifanyiki.

Ndugu yako Kemboi anaishi huko juu. Je, hajasikia lolote?

Ni mimi wifi yako,
Jentrix


Matisi, Kitale
5 Julai 1992

Kwa wifi Jentrix,

Nimefurahi kuona mwandiko wako. Sisi tuko. Nasimiyu amepona na ameanza kung'oka meno ya mbele, anaongea kama mzee. Biashara ya mboga hapa mlangoni inaenda polepole, watu wa Matisi siku hizi wananunua wakiwa na haraka na kufunga milango mapema. Mpe Mama pole ya magoti. Namtumia dawa ya kuchua pamoja na barua hii, kupitia kwa jirani anayesafiri.

Kemboi alipita hapa mwezi uliopita. Hakukaa. Hakuna alichosema ambacho naweza kukuandikia.

Waambie wazee wasikate mgomba. Mimi siji. Najua watasema mimi ni mwanamke wa mlimani na sijali desturi za kwenu. Waache waseme. Wewe usiniulize kwa nini, wifi, nakuomba kwa ule upendo tuliokuwa nao tangu siku ile mliyonipokea.

Nina jambo lingine. Nyuma ya nyumba kuna kile kipande Mukhisa alipokuwa anaegemeza mbao zake. Nimezitoa mbao, nimelima, na nataka kupanda vitunguu kutoka kwenye mbegu. Mimi nilizoea kununua miche sokoni. Wewe ndiye fundi wa mambo haya, hata yeye alikuwa anasema hakuna anayekushinda. Mbegu zinalowekwa kwanza? Zinafukiwa kina gani? Nieleze kama unavyomweleza mtoto.

Wako,
Jeruto


Myanga, Bungoma
26 Julai 1992

Wifi Jeruto,

Dawa imefika na Mama anaipaka kila asubuhi. Anakushukuru. Kuku wote wawili wakubwa wamekufa na ugonjwa, lakini mahindi yamesimama vizuri, tukijaliwa tutakula.

Barua yako niliwasomea wazee pale uwanjani. Absalom akasema, "Basi ana sababu, au hana moyo." Mimi nilikutetea. Sasa sijui nilikuwa natetea nini.

Ukitaka vitunguu, fanya hivi. Vunja udongo mpaka uwe laini kama unga wa ugali, changanya na samadi ya zamani, usiweke mbichi, itaunguza. Chora mifereji myembamba kwa kijiti. Mwaga mbegu kidogo kidogo, zisibanane, halafu zifukie kidogo tu, kama unene wa kidole kikiwa kimelala. Funika na nyasi kavu, mwagilia juu ya hizo nyasi asubuhi na jioni. Hazihitaji kulowekwa. Ukiona vichwa vya kwanza, ondoa nyasi jioni, si mchana, jua lisije likavichoma.

Nunua mbegu mpya dukani. Mbegu ya kitunguu haina subira, ukiiweka mwaka mzima haioti. Ningekutumia zangu nilizovuna mwenyewe, lakini zote nilimpa Mukhisa siku ile alipoondoka hapa.

Mama kila jioni anapeleka kiti chake karibu na geti. Anasema anamngoja mtoto wa jirani amletee maziwa. Maziwa yakishaletwa, bado anakaa.

Jentrix


Matisi, Kitale
30 Agosti 1992

Kwa wifi yangu,

Natumaini mko salama na Mama ameanza kuinuka bila fimbo. Hapa baridi ni kali, asubuhi ukungu unakaa mpaka watoto wanafika shuleni. Nasimiyu ameandika jina la baba yake ukutani kwa makaa. Sikulifuta.

Nimefanya kila kitu ulichosema na zimeota. Sikujua kama kitunguu kinatoka ardhini kimejikunja, kama sindano iliyopinda, kichwa bado kimekwama chini. Niliogopa kwamba nimekosea. Baada ya siku chache zikajinyoosha zenyewe, na kila moja imebeba ganda lake jeusi kwenye ncha. Karibu zote zimeota. Mbegu zako ni nzuri. Sikununua za dukani, nilikuwa na hizi za kwenye kifuko cha kitambaa cha bluu chenye maua meupe.

Wifi, nikwambie kitu na usinicheke. Mara nyingine nikienda kumwagilia asubuhi nakuta kitalu kimeshaloa. Si umande. Udongo umeloa mpaka chini, na kwa jirani pamekauka. Nilidhani ni Mama Kagwe, mwenye nyumba ya pili, ananisaidia, nikamshukuru. Alinitazama. Akaniuliza, "Kwani baba Nasimiyu alirudi lini? Nimemsikia akikohoa huko nyuma." Unakijua kikohozi chake, kile cha vumbi la mbao, mara mbili halafu anasafisha koo.

Nilimwambia ni mtu mwingine. Lakini mimi nilikuwa nimeshakisikia kabla yake.

Jeruto


Myanga, Bungoma
18 Oktoba 1992

Wifi,

Samahani kwa kuchelewa. Sikuwa mgonjwa. Mama yuko vilevile. Mahindi tumevuna.

Barua yako niliifungua nikiwa kwenye cherehani, nikaisoma nikacheka kwa furaha ya kusikia zimeota. Halafu nikaisoma tena nyumbani. Tangu hapo nimekuwa nikiianza barua hii na kuichana.

Kile kifuko nilikishona mimi. Kitambaa kilibaki kwenye gauni la bibi harusi mmoja wa hapa, na hakikutosha kitu kingine chochote. Nilitia mbegu ndani, nikafunga kwa uzi, nikampa kaka yangu mkononi asubuhi ile anaondoka. Alikitia kwenye mfuko wa ndani wa koti. Nilimsindikiza mpaka stendi. Alikuwa anakwenda shambani moja kwa moja akaandae kitalu kando ya mto kabla mvua haijawa kubwa. Hakupitia Kitale.

Sasa nieleze. Kifuko kimefikaje Matisi, na aliyekibeba hajafika?

Sijamwonyesha mtu barua yako.

Jentrix


Matisi, Kitale
1 Novemba 1992

Wifi mpendwa,

Salamu kwenu. Nasimiyu amekuwa wa tatu darasani. Mafuta ya taa yamepanda bei tena.

Nimehamisha miche, ilikuwa imefikia unene wa penseli. Niliilowesha kwanza, nikaing'oa polepole, nikakata ncha za majani na mizizi iliyozidi kama Mama Kagwe alivyonionyesha. Nimepanda kwa mstari, nikapima nafasi kwa upana wa kiganja. Michache imenyauka shinani, nimeitoa isiambukize mingine.

Swali lako nimeliona. Nimelisoma mara nyingi kuliko ulivyoliandika.

Mwambie Mama asikae getini na baridi hii.

Jeruto


Myanga, Bungoma
6 Desemba 1992

Jeruto,

Siwezi kumwambia Mama aondoke getini. Nikimwambia ataniuliza kwa nini, na mimi sina jibu. Jibu unalo wewe.

Usiku anaamka na kuniambia nimfungulie Mukhisa mlango. Nafungua. Nakaa pale mlangoni na giza mpaka aridhike kwamba kaka ameingia, ndipo nafunga. Nimeanza kumpisha apite.

Kama yuko hai na amekukimbia, sema. Kama kuna mtu wa kwenu amemfanyia jambo, sema pia. Sitakuandikia tena kuhusu vitunguu.

Krismasi njema kwa mtoto.

Jentrix


Matisi, Kitale
21 Februari 1993

Kwa wifi yangu Jentrix,

Sitauliza habari za huko kwa sababu najua jinsi mnavyokaa. Nasimiyu hajambo. Keti chini kabla hujaendelea kusoma.

Mukhisa amekufa. Alikufa Aprili ile ile, siku vita vilipofika upande ule wa mto.

Kemboi ndiye aliyemkuta, asubuhi, alipokuwa anatafuta ng'ombe wake waliotawanyika. Aliniambia alipigwa mshale na akafa hapo hapo, hakujua hata kilichompata. Kemboi hakuweza kumbeba. Barabara zote zilikuwa na watu, na walikuwa wametangaza kwamba atakayemsaidia mtu wa chini, wa kabila lenu, nyumba yake itachomwa na yeye mwenyewe ndani. Mukhisa alikuwa ameshaanza kulima kitalu chake pale kando ya mto. Udongo ulikuwa umeshalainishwa. Kemboi alichimba hapo hapo, kwa jembe la Mukhisa mwenyewe, akamlaza, akafukia, na juu yake akapanda maharagwe ili mtu akipita aone ni shamba tu. Kwenye koti alikuta kile kifuko, akaniletea. Hicho ndicho kitu pekee alichoweza kuniletea.

Aliniapisha nisimwambie mtu. Aliwaogopa watu wa juu, na aliwaogopa watu wenu pia, kwa sababu wangemuuliza amejuaje mahali alipo. Ni ndugu yangu, wifi. Nilikuwa nimeshapoteza mmoja. Ndiyo maana nilikataa mgomba, sikuweza kuja kulia juu ya mgomba wakati najua mume wangu amelala chini ya maharagwe.

Juzi shingo za vitunguu zilianza kulala, nikaacha kumwagilia. Leo nilikuwa naving'oa, Kemboi akaingia kupitia nyuma. Amekonda. Alisimama akanitazama nikivipanga kivulini vikauke, halafu akasema, "Mwandikie dada yake. Kule kumetulia kidogo. Nimechoka kupita pale na ng'ombe kila siku nikimsalimia."

Yuko tayari kutuonyesha mahali. Njooni na mtu wa chifu, mchana, msije wengi.

Sijui kama utaniita wifi baada ya leo.

Jeruto


Myanga, Bungoma
14 Machi 1993

Wifi Jeruto,

Bado nakuita wifi.

Nilimwambia Mama asubuhi, akiwa anaota moto. Hakulia. Alisema, "Nilijua tangu aanze kuja bila viatu." Halafu akaniagiza nikakitoe kile kiti pale getini.

Absalom amekwenda kwa chifu kuomba ruhusa. Maseremala waliofanya kazi na Mukhisa wanapasua mbao. Tutakuja baada ya Pasaka, mimi na Absalom na mtu mmoja wa chifu. Mwambie ndugu yako tunakuja bila ugomvi. Mwambie pia Mama ameomba aje azike nasi, ale chakula chetu. Najua ni jambo gumu. Nilimwambia Mama ni jambo gumu. Alisema kwamba hilo si kazi yangu.

Jentrix


Matisi, Kitale
13 Juni 1993

Kwa wifi Jentrix,

Tulifika salama baada ya mazishi. Nywele zangu mlizoninyoa msibani zimeanza kuota tena na zinanikwaruza chini ya kitambaa. Nasimiyu anauliza kwa nini baba amekwenda kulala kwa Shangazi badala ya hapa. Namwambia kule ndiko kwao. Nawashukuru wote kwa jinsi mlivyonikalisha, hakuna aliyenitupia neno, na nilikuwa nimejiandaa kwa maneno.

Wifi, nakuuliza jambo. Siku ile mimi nilikuwa ndani na jeneza, pamoja na wajane wenzangu, sikuona ya nje. Nasikia Mama alimwita Kemboi nyuma ya jiko wakakaa huko muda mrefu. Tangu hapo ndugu yangu amebadilika. Haongei. Anakuja hapa, anakaa kwenye benchi ya Mukhisa, anaondoka. Juzi nilimwona anaitazama mikono yake. Mama alimwambia nini? Je, alimlaani? Kama alimlaani niambie, nije nimpigie magoti.

Kikohozi hakijasikika tangu tulipomleta kwenu. Nilidhani nitalala sasa. Badala yake nakaa kitandani nikisubiri.

Jeruto


Myanga, Bungoma
4 Julai 1993

Wifi Jeruto,

Hapa tu wazima. Mama analala usiku mzima, hata mimi nimesahau sauti ya ule mlango. Kaburi limeshikana vizuri, mvua haijalifukua.

Mama alinikataza kukujibu hili. Lakini mwaka jana nilikusumbua kwa kudai ukweli, na siwezi sasa kuukalia mimi.

Hakumlaani. Nilikuwa jikoni napakua, ukuta ni wa udongo, nilisikia yote. Kemboi alikuwa anaogopa, alikuwa amesimama kando ya watu tangu asubuhi bila kugusa hata chai. Mama alimkalisha kwenye kigoda, akamuuliza kwa upole, "Ulimkuta ameshakufa?"

Kemboi akasema ndiyo, alikufa hapo hapo.

Mama akasema, "Mimi ndiye niliyemzaa. Niambie mimi."

Kemboi akasogeza kigoda. Kisha akasema, "Alikuwa bado anapumua, Mama."

Alimkuta alfajiri, jeraha likiwa tumboni. Hakuweza kumbeba na hakuweza kumwacha, basi akalala naye kwenye majani, chini, watu wakipita kule juu kwenye njia. Alimnywesha maji ya mto kwa kofia yake, kidogo kidogo. Mukhisa alikuwa anajizuia kukohoa ili wasisikike. Kemboi alimwekea mkono mdomoni pale alipozidiwa. Mukhisa alimuuliza kama Nasimiyu amepona homa. Na alimwomba jambo moja, kwamba akikwambia wewe, aseme ilikuwa mara moja tu na hakuumia. Jua lilipokuwa juu, akaacha kupumua.

Ndugu yako hakukudanganya, wifi. Alibeba maneno ya mumeo kama alivyopewa.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Basi hakufa peke yake." Akachukua birika lenye maji ya moto ya kunawia wageni, akaomba mikono yake. Kemboi akaitoa. Mama akamnawisha mwenyewe, vidole vyote, kama anavyonawishwa mtoto, akamfuta na shuka yake, akaniita nilete chakula. Alikaa pale akimtazama mpaka akamaliza sahani.

Nimekuandikia. Nisamehe kama nimekuumiza.

Jentrix


Matisi, Kitale
29 Agosti 1993

Kwa wifi yangu mpendwa, na kwa Mama,

Barua yako niliisoma na kuiweka, ndiyo maana nimechelewa. Tuko salama. Wazee wakiuliza, waambie nitabaki Matisi na mtoto wao atakuja kila likizo.

Kemboi alikuja Jumapili. Nilimpikia, akala. Sikumuuliza chochote na yeye alijua kwamba ninajua. Alipomaliza alitoka nyuma akatengeneza ule uzio uliolala, akaniambia mwezi ujao ataniletea samadi. Hayo ndiyo yote tuliyosema.

Jana asubuhi, ukungu ukiwa bado chini, nikakisikia. Mara moja, kimezuiwa, kama mtu anayeogopa kusikika. Nasimiyu alikuwa bado amelala. Nilitoka nikasimama pale nyuma bila viatu. Hakukuwa na mtu. Nilisema kwa sauti, kama ninavyosema na wewe, "Kohoa tu, baba Nasimiyu. Wameshapita."

Nilisimama mpaka miguu ikafa ganzi. Halafu akakohoa, vizuri, mara mbili, akasafisha koo.

Nikarudi ndani nikawasha jiko.

Wako,
Jeruto